Wakili wa biashara yako: namna ya kumpata, kumlipa na kufanya naye kazi

Wafanyabiashara wengi hukutana na wakili kwa mara ya kwanza wakiwa wameshachelewa. Mkataba umesainiwa, fedha zimetumwa, mbia amehamisha hisa, au mfanyakazi aliyefukuzwa ameshafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, na wito umeletwa dukani. Hapo wakili hubaki na kazi ya kuokoa kinachookoleka, na hakuna kazi ya kisheria iliyo ghali kama hiyo. Mwongozo huu ni wa yule ambaye bado hajasaini. Inaniuma kuona mtu aliyejinyima miaka mingi kujenga mtaji akiupoteza kwa karatasi ya kurasa mbili ambayo hakumpa mtu yeyote aisome.

Nimeuandika kwa kufuata sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, mahakama zake na mawakili wake, na pale tofauti hiyo inapogusa biashara yako nitaitaja.

Jua kwanza unamtafuta nani

Mtaani kila aliyesoma sheria huitwa wakili. Mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria, na anaweza kuajiriwa na kampuni, benki au halmashauri akawa hodari sana katika kazi yake. Wakili ni yule aliyekubaliwa na Jaji Mkuu, jina lake likaingizwa kwenye orodha ya mawakili inayotunzwa na Mahakama, na ambaye anahuisha cheti chake cha kufanyia kazi kila mwaka. Huyo ndiye anayeweza kukusimamia Mahakama Kuu. Kwa kawaida ndiye pia kamishna wa viapo na mthibitishaji wa umma, yule ambaye muhuri wake unauona kwenye hati za viapo na kwenye nakala za vyeti.

Halafu yuko kishoka. Utamkuta jirani na mahakama au ofisi za serikali, ana bahasha ya kaki na maneno matamu. “Bosi, mkataba nakuandikia sasa hivi, muhuri upo.” Muhuri huo huenda ni wa wakili aliyekubali jina lake litumike, huenda umechongwa mtaani. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza mtu asiye na sifa kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo, na inataka waraka ubebe jina na anwani ya aliyeuandaa. Chukua mkataba wowote ulio nao nyumbani, fungua ukurasa wa mwisho, tazama chini. Panatakiwa pawe na maneno “Umeandaliwa na”, kisha jina, kisha anwani. Ukikuta muhuri peke yake, au jina la kwenye muhuri ni la mtu ambaye hukuwahi kukutana naye, una sababu ya kuupeleka mkataba huo ukasomwe upya.

Kuhakiki ni kazi ya dakika chache. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili kwenye intaneti. Unaandika jina la wakili au namba yake ya uwakili, unaona kama yumo na hali ya cheti chake. Fanya hivyo hata kwa wakili uliyeelekezwa na kaka yako. Wakili wa kweli hachukii kuulizwa namba yake.

Kama jambo lako liko Unguja au Pemba, tafuta wakili wa Zanzibar. Kama mkataba wako na mteja wa Nairobi unasema migogoro itaamuliwa Kenya, mpate wakili wa Kenya, na Chama cha Mawakili cha huko, LSK, nacho kina ukurasa wa kuhakiki majina. Wakili wako wa Mwanza au Arusha anaweza kukutafutia mwenzake, lakini uliza mapema nani atawajibika kwa ushauri upi.

Kazi ipi inahitaji wakili, na ipi haihitaji

Usimlipe mtu kwa kazi unayoiweza mwenyewe. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, hufanyika mtandaoni kwa namba yako ya NIDA. TIN inatolewa na TRA bila malipo. Leseni ya duka unaifuata halmashauri. Wakili anayetaka malipo makubwa kwa haya anakufanyia tu foleni.

Kampuni iko katikati. Fomu unaweza kujaza, lakini katiba ya kampuni usiinakili kutoka kwa rafiki. Zipo katiba zinazozunguka kutoka simu hadi simu, zilizoandikwa kwa ajili ya watu wengine kabisa, na marafiki wawili wanazisaini wakiwa na hisa nusu kwa nusu. Siku wakikosana hakuna mwenye kura ya kuamua, na siku mmoja akifariki mwenzake anajikuta katika kampuni moja na wajane na watoto ambao hajui wanataka nini. Mambo manne yanafaa kuandikwa na wakili tangu mwanzo: nani anaamua mkikwama, mtu akitaka kutoka hisa zake zinathaminiwaje na nani ana haki ya kwanza ya kuzinunua, mbia akifariki warithi wanapata hisa au wanalipwa fedha, na nani anaruhusiwa kusaini benki. Nusu siku ya mazungumzo ya wazi mkiwa bado mnapendana hukinga kesi ya miaka.

Mali kauli nayo, yaani bidhaa zinazotolewa kwa mkopo kwa neno tu. Biashara nyingi za jumla zinaendeshwa kwa neno, na neno lina uzito. Hata Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo. Shida huja kwenye ushahidi. Mwombe wakili akuandalie mara moja fomu ya ukurasa mmoja ya kutolea mali kwa mkopo, yenye nafasi ya kiasi, tarehe ya kulipa, jina kamili na namba ya NIDA ya mpokeaji, na saini. Utaitumia kwa wateja mia. Ukiwa na fomu hiyo, hata barua ya madai itaandikwa kwa nusu saa.

Mkopo wa benki wenye dhamana ya nyumba ni mahali ambapo watu hujisahau kabisa. Wakili unayekutana naye ofisini benki ni wa benki. Anaweza kuwa mpole, akakueleza kila ukurasa, lakini kazi yake ni kulinda fedha za mteja wake. Mpelekee wakili wako nyaraka kabla ya kusaini, na muulize mambo mawili kwa jina: dhamana binafsi ya mkurugenzi, inayoweza kufikia mali zako hata kampuni ikifa, na ridhaa ya mwenza, kwa kuwa Sheria ya Ardhi inaitaka pale nyumba ya familia inapowekwa rehani. Mumeo au mkeo awepo kwenye mazungumzo tangu mwanzo. Kumletea fomu ya ridhaa usiku wa kuamkia siku ya kusaini ni kumkosea.

Zipo pia barua ambazo zikifika hutakiwi kulala nazo. Ukipewa makadirio ya kodi usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi TRA, na unatakiwa ulipe kiasi usichokibishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Mfanyakazi anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kufika Tume, kwa hiyo mwajiri mwenye busara humwona wakili kabla ya kuandika barua ya kufukuza, maana utaratibu uliokosewa unaweza kukuangusha hata kama sababu ya kumfukuza ilikuwa ya haki. Ukitaka kuishtaki Serikali, kwa mfano umesambaza vifaa na hujalipwa, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90. Madai ya mkataba kwa kawaida yana ukomo wa miaka 6, na yale ya madhara yasiyotokana na mkataba ni miaka 3. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, hesabu ya muda inaweza kuanza upya, na ndiyo maana ujumbe wa “nitakulipa mwezi ujao, kaka” usiufute.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hulichelewesha: alama ya biashara. Kusajili jina BRELA hakukupi umiliki wa chapa iliyo kwenye pakiti yako ya unga au chupa yako ya mafuta ya nywele. Alama ya biashara husajiliwa peke yake, na usajili wa Bara hauvuki maji. Zanzibar unasajili tena, kwa wakala wa huko, BPRA.

Kupata majina na kuyachuja

Anza kwa watu wa biashara yako. Ukiagiza mzigo kutoka Guangzhou, waulize waagizaji wenzako nani aliwasaidia kontena lilipokwama. Mhasibu wako anawajua mawakili ambao makaratasi yao huwa hayana kasoro. Usimuulize mtu tu kama wakili wake ni mzuri, kwa sababu kila mtu aliyeshinda kesi atasema ni mzuri. Muulize wakili huyo alimfanyia kazi gani, alikuwa anapokea simu, na malipo ya mwisho yalifanana na yale waliyokubaliana mwanzo.

Wakili aliyemshindia shangazi yako kesi ya shamba si lazima aijue mikataba ya usambazaji. Njia moja ya kujua mtu anashughulika na nini ni TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu zimewekwa bure kwa kila msomaji. Hukumu nyingi hutaja mawakili waliosimama. Andika jina lake, soma hukumu mbili tatu. Hutaelewa kila kitu, lakini utaona kama amekuwa kwenye kesi za mikopo, za ajira, za kodi au za mirathi. Kushindwa kwake hapa na pale kusikutishe. Kila kesi ina anayeshindwa.

Wakili anayefanya kazi peke yake Kigamboni anaweza kukufaa kuliko kampuni kubwa ya mawakili yenye ofisi ghorofani Posta, kama biashara yako ni ya kati. Katika ofisi kubwa uliza jambo moja tu: nani hasa ataandika mkataba wangu? Mara nyingi unayezungumza naye ni mbia mkuu, na anayeandika ni kijana aliyeanza juzi. Hakuna ubaya, mradi unajua na bei inalingana.

Waepuke wa aina hii: aliyeletwa na upande wa pili, aliyeletwa na dalali anayesubiri asilimia yake, na anayekuahidi ushindi. Kanuni za maadili ya mawakili za mwaka 2018 zinamkataza wakili kuzichanganya pande zenye maslahi yanayogongana. Kabla ya kumweleza siri yoyote, mtajie majina ya upande wa pili na umuulize kama amewahi kuwafanyia kazi.

Kikao cha kwanza

Uliza kwenye simu kama kikao kinalipiwa na kwa kiasi gani. Kisha jiandae, kwa sababu saa ya wakili inayotumika kutafuta risiti ndani ya mfuko wa plastiki utailipia wewe.

Andika ukurasa mmoja wa matukio kwa tarehe. Mfano: tarehe 3 Machi tulikubaliana kwa simu, tarehe 10 nilituma malipo ya awali, tarehe 28 mzigo ulifika pungufu. Ambatisha mikataba, risiti, taarifa ya benki, na picha za ujumbe wa WhatsApp zinazoonyesha namba na tarehe. Simu yenyewe usiibadilishe wala kufuta ujumbe, kwa kuwa picha peke yake inaweza kubishaniwa na chanzo chake kikahitajika. Chini ya ukurasa andika unachotaka: kulipwa, kuvunja mkataba, au kuendelea na biashara kwa masharti mapya. Wakili asiyejua unataka nini atakupeleka anakokujua yeye.

Mweleze yote, hasa yale yanayokuaibisha. Kama ulisaini bila kusoma, mwambie. Kama kuna risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ambayo haikutolewa, mwambie. Mawasiliano yako na wakili yanalindwa na Sheria ya Ushahidi, isipokuwa unapomtaka akusaidie kutenda kosa. Jambo baya likitoka mdomoni mwako ofisini, anaweza kulipangia. Likitoka mdomoni mwa upande wa pili mahakamani, limeshakuharibia.

Nawe msikilize kwa makini. Mzuri atakuuliza maswali mengi kabla ya kutoa jibu, atakutajia udhaifu wa upande wako bila kuuremba, na atakueleza kwa Kiswahili kinachoeleweka. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu, kwa hiyo huna sababu ya kuona haya kuomba mkataba wako uandikwe kwa Kiswahili. Upande wa pili ukitaka Kiingereza, uwe na tafsiri, na mkataba useme wazi lugha ipi itatangulia maana zikigongana.

Malipo

Hapa ndipo urafiki mwingi wa mteja na wakili huvunjika, kwa sababu watu wanaona aibu kuuliza. Uliza siku ya kwanza.

Kazi yenye mwanzo na mwisho, kama kuandika mkataba au kusajili alama, omba bei moja ya kazi nzima. Kazi isiyotabirika hulipwa kwa hatua: barua ya madai kiasi fulani, kufungua shauri kiasi fulani, usikilizwaji kiasi fulani. Biashara yenye mikataba kila wiki inaweza kuweka wakili wa kudumu kwa malipo ya mwezi, na hapo andikeni ni saa ngapi au nyaraka ngapi zimo ndani ya malipo hayo. Ofisi nyingine hutoza kwa saa. Omba makisio na ukomo ambao hautavukwa bila ridhaa yako. Ipo pia Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, yenye viwango kwa aina mbalimbali za kazi, na una haki ya kumuuliza bei yake inalinganaje nayo. Ukitajiwa bei kwa dola, kumbusha kwamba tangu 2025 kanuni zinazuia kutangaza na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Lipa kwa shilingi.

Tenganisha ujira wa wakili na gharama za nje, yaani ada za mahakama, BRELA, ushuru wa stempu, nauli. Ada za serikali zina namba ya malipo, ile tuliyozoea kuiita kontrol namba. Mwombe akutumie namba hiyo ulipe mwenyewe. Njia hii rahisi inafunga mlango mkubwa wa utapeli, na inakuachia ushahidi wa tarehe. Fedha kubwa unayompa aishike kwa niaba yako, kama malipo ya kiwanja, ikae kwenye akaunti ya wateja iliyo tofauti na akaunti yake ya ofisi. Kutuma milioni kwenye namba yake binafsi ya simu, hata akiwa mwaminifu, ni kujitafutia mgogoro.

Uliza pia kama bei ina VAT au bado, dai risiti ya EFD, na kama unalipa kama kampuni muulize mhasibu kuhusu kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji na kuipeleka TRA, kwenye huduma za kitaalamu.

Kisha yawekwe kwenye barua ya makubaliano. Kurasa mbili zinatosha: kazi ni ipi na ipi haimo, nani ataifanya, bei na hatua za kulipa, gharama za nje, atakupa taarifa mara ngapi, nyaraka zitarudishwaje. Wakili akisema “tutaelewana tu”, mwandikie wewe mwenyewe ujumbe siku hiyo hiyo ukirudia mliyokubaliana na umwombe ajibu kuthibitisha.

Kazi yenyewe: mkataba wa fremu Kariakoo

Tuuchukue mkataba mmoja tuone wakili anafanya nini hasa. Dalali amekuonyesha fremu kwenye ghorofa karibu na Mtaa wa Kongo. Mpangaji anayetoka anataka kilemba, yaani fedha ya kukuachia nafasi, mwenye jengo anataka kodi ya mwaka mzima mbele, na dalali ana mkataba mkononi anaosema “ndio wanaotumia wote”.

Swali la kwanza la wakili ni: mwenye jengo ni nani? Majengo kadhaa ya Kariakoo yalijengwa kwa ubia. Familia ilikuwa na nyumba ya zamani, mwekezaji akaibomoa akajenga ghorofa, wakagawana maeneo au miaka. Anayekukodisha anaweza kuwa mwekezaji ambaye muda wake unaisha mwakani, au mtoto mmoja wa marehemu kati ya tisa. Wakili atafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati aone jina lililopo na kama kuna rehani. Hati ikiwa na jina la marehemu, ataomba barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Kukiwa na ubia, ataomba kuuona, angalau ukurasa unaoonyesha nani anakusanya kodi ya fremu ipi hadi lini.

La pili ni kilemba. Ukimlipa mpangaji anayetoka kabla mwenye jengo hajasaini mkataba wako, umenunua ahadi ya mtu ambaye hana jengo. Wakili mzuri ataandaa makubaliano ya watu watatu: anayetoka, anayeingia na mwenye jengo, na fedha itatoka siku ambayo wote wamesaini na funguo zimekabidhiwa.

Halafu anaingia ndani ya maneno. Kifungu kinasema “mkataba utahuishwa kwa makubaliano ya pande zote”. Ukikisoma haraka kinatia moyo, lakini hakikupi chochote. Mwenye jengo akikataa, mmekosa makubaliano. Wakili atakibadilisha kuwa haki yako ya kuhuisha kwa miaka fulani, ukitoa notisi miezi mitatu kabla, kwa kodi itakayopanda isizidi asilimia mliyokubaliana. Kingine kinasema mpangaji “atalipa kodi zote”. Kodi zipi? Mpangaji wa biashara anawajibika kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Kama mmekubaliana milioni 12 kwa mwaka, je, 1,200,000 inatoka humo au unaiongeza juu? Sentensi moja inamaliza ubishi ambao kila mwaka hugombanisha watu. Kingine kinampa mwenye jengo haki ya kukutoa kwa notisi ya mwezi mmoja. Wakati huo umeshalipa miezi kumi na miwili mbele, umeweka rafu, milango na mita ya umeme. Itaandikwa kwamba kodi ya miezi isiyotumika itarudishwa ndani ya siku kadhaa, na vitu gani utaondoka navyo.

Wakili akikutumia rasimu, isome yote, weka alama kila usipoelewa, mpelekee maswali yako yote kwa pamoja. Kumpigia mara sita kwa siku kunapoteza fedha na subira ya wote wawili. Akupe ushauri, lakini uamuzi wa kibiashara ni wako. Akisema kifungu fulani ni hatari na wewe unaona fremu hiyo itauza kuliko zote mtaani, una haki ya kuichukua hatari hiyo ukiijua. Mwombe aiandike kwa maneno mawili kwenye barua pepe, ili wote mkumbuke.

Mkisaini, kila mmoja asaini mbele ya shahidi wake, kila ukurasa uwekwe herufi za majina, na nakala halisi ubaki nayo. Kisha upelekwe TRA kulipiwa ushuru wa stempu ndani ya siku 30. Hatua hii hupuuzwa sana, na siku ya kesi mahakama hukataa kupokea mkataba usio na stempu mpaka ushuru na faini vilipwe. Kwenye barua ya makubaliano andika nani ana jukumu la kuupeleka.

Nywila ziwe zako

Akaunti ya BRELA na ya TRA zifunguliwe kwa namba yako ya simu na barua pepe yako. Kampuni nyingi zilisajiliwa na watu wa kati kwa barua pepe zao, na miaka baadaye mwenye kampuni hawezi kuwasilisha taarifa ya mwaka wala kubadili mkurugenzi, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha unakwenda kwenye simu ya mtu aliyehama mji. Mwambie wakili akufanyie kazi ukiwa umekaa naye, au umpe mamlaka ya kuwasilisha, lakini ufunguo ubaki kwako. Mwombe pia orodha ya tarehe za mwaka: taarifa ya BRELA, kuhuisha leseni, kuhuisha alama ya biashara, mwisho wa kila mkataba.

Mgogoro ukifika

Anza na barua ya madai yenye kiasi, msingi wa deni na siku za kulipa. Wadaiwa wengi hulipa au huomba mazungumzo wakiona wakili ameshika kalamu. Ukikubali kulipwa kwa awamu, makubaliano yaandikwe na yasainiwe, na kama shauri limeshafunguliwa yasajiliwe mahakamani ili yawe na nguvu ya amri.

Kabla ya kufungua shauri, muulize wakili wako: tukishinda, tutakamata nini? Kukazia hukumu kwa mdaiwa asiye na mali wala akaunti ni safari ndefu ya bure. Kama mdaiwa ana magari kwa jina la kampuni, nyumba, au fedha anazodai mahali, yaandikeni sasa. Muulize pia gharama mpaka mwisho, ukishindwa utalipa nini kwa upande wa pili, na mahakama ipi inafaa. Mahakama Kuu ina Kitengo cha Biashara tangu 1999, lakini deni dogo halina sababu ya kufika huko. Usuluhishi ni sehemu ya mashauri ya madai, na uende nao ukiwa na kiwango chako cha chini ulichokubaliana na wakili faraghani.

Omba namba ya shauri na tarehe ya kila kikao. Baada ya kila kikao akutumie mistari mitatu: kilichotokea, tarehe ijayo, na anachohitaji kwako. Ukiitwa kutoa ushahidi, fika mapema na usome maelezo yako mwenyewe usiku uliotangulia.

Mkishindwa kuelewana

Mwandikie kwanza, kwa heshima, ukitaja mliyokubaliana na kilichokosekana. Mawakili wengi hujirekebisha wakiona maandishi. Ugomvi wa malipo unaweza kupelekwa kwa msajili wa mahakama akakadiria gharama halali. Mwenendo mbaya wenyewe, kama kula fedha za mteja, kutumikia pande mbili au kutelekeza kesi, hupelekwa Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kumsimamisha wakili au kuondoa jina lake kwenye orodha. Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, nacho kitakuelekeza namna ya kuandika malalamiko. Peleka barua ya makubaliano, risiti na ujumbe mliotumiana.

Ukiamua kubadilisha wakili, mlipe kazi aliyoifanya, maana anaweza kushikilia jalada lako kwa ujira anaodai. Omba nyaraka zote kwa orodha yenye saini ya kukabidhi na kupokea, na wakili mpya aijulishe mahakama kwamba sasa ndiye anayekusimamia. Kabla ya yote hayo angalia tarehe ya kikao kijacho. Ikiwa ni wiki hii, mwombe wa zamani asimame mara hiyo moja, au mpya awe ameshapokea jalada na amelisoma kabla ya siku hiyo.